Somo la Ufundi: Mashine Kuukuu ya CNC Inapokosea Vipimo



Somo la ufundi katika toleo hili linawalenga maseremala, vijana wa jua kali, walimu na wanafunzi wa vyuo vya ufundi, na mkaazi yeyote ambaye amenunua au anafikiria kununua mashine ya CNC iliyotumika. Mashine hii hukata na kuchonga mbao kwa biti inayozunguka, kama ruta ya mkono, lakini badala ya mkono wa fundi, ni kompyuta inayoiongoza.

Mashine mpya ni ghali, kwa hivyo wengi hununua kuukuu mnadani. Mara nyingi chuma chake bado ni kizima ila kidhibiti chake kimekufa na vipuri vyake havipatikani tena. Fundi hutoa kidhibiti cha zamani, akaweka mota, draiva na kompyuta mpya, na mashine ikafufuka. Shida huanza hapo. Mashine inatembea vizuri, lakini kipande kinachotoka si cha kipimo ulichoagiza.

Kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, vyuo vya ufundi vya vijijini viko chini ya serikali za kaunti. Ndiyo maana jarida hili hutenga ukurasa wa somo la namna hii, ili hata mkaazi ambaye hajasajiliwa chuoni apate cha kumsaidia.

Yaliyowapata vijana wa makabati

Kikundi cha vijana watano walinunua mashine ya miaka ya tisini iliyotoka ng'ambo. Waliweka kidhibiti kipya kwa mikono yao wenyewe, na kwa hilo wanastahili pongezi. Siku ya kwanza walichonga maua kwenye ubao na majirani wakaja kutazama. Baada ya wiki mbili walipata kazi ya makabati ya jikoni, wakapokea malipo ya awali, wakanunua plaiwudi.

Nilipoitwa kuwatembelea, karatasi kumi na moja za plaiwudi zilikuwa zimeegemezwa ukutani, zote zimekatwa na zote zimekataliwa. Karatasi moja ya kawaida ni 2440 mm kwa 1220 mm. Hesabu mwenyewe ni pesa ngapi zilizosimama pale.

"Mwalimu, hii kompyuta ni mbovu," mwenyekiti wa kikundi aliniambia.

Nikamuuliza, "Inakosea kwa kiasi gani, kijana wangu?"

"Inategemea, mwalimu. Saa zingine inazidi, saa zingine inapungua. Tukirekebisha milango, droo zinaharibika. Tukirekebisha droo, milango inaharibika."

"Na mmeandika wapi hizo nambari?"

Hakukuwa na daftari. Kila mmoja alikuwa akibadilisha nambari kwenye kompyuta kwa zamu yake. Kompyuta ile haikuwa mbovu. Kasoro zilikuwa mbili kwenye chuma, na kila walipogusa nambari, kasoro moja iliificha nyingine. Tutarudi kwao baadaye, baada ya kuelewa jinsi ya kupima.

Kosa lina tabia, isome kwanza

Agizo la kompyuta hupita mikononi mwa wengi kabla halijafika kwenye mbao. Kompyuta hutuma mapigo ya stima kwa draiva. Draiva huzungusha mota. Mota huzungusha skrubu ndefu au gia. Skrubu husukuma nati, nati husukuma daraja, yaani ile fremu inayovuka juu ya meza. Daraja hubeba mota ya kukata, na biti ndiyo inayogusa mbao. Mmoja tu akilegea, kipimo kinaharibika, na kompyuta haina habari. Katika mashine nyingi zilizofufuliwa kwa mota za hatua, kompyuta huagiza tu wala haikagui kama agizo limetimizwa.

Habari njema ni kwamba kila aina ya kosa ina tabia yake. Kata au chora vipande vya urefu tofauti, pima, kisha jiulize maswali haya.

Je, kosa linakua pamoja na urefu? Kipande cha mm 100 kimezidi mm 1, na cha mm 1000 kimezidi mm 10. Hapo kuna uwezekano mkubwa kwamba idadi ya mapigo kwa milimita si sahihi.

Je, kosa ni lile lile kwa kipande kifupi na kirefu? Shuku kipenyo cha biti, au skrubu inayocheza.

Je, kosa linakua kadiri muda unavyokwenda? Kipande cha kwanza ni sawa, cha kumi kimehama. Mota inapoteza hatua, au kuna kelele za stima kwenye nyaya.

Je, pande zote zina urefu sahihi lakini mlango hauketi kwenye fremu? Pima pembe. Huenda daraja limekaa upande.

Ukishajua tabia ya kosa, fuata utaratibu huu: chuma kwanza, stima pili, nambari mwisho. Ukianza na nambari, utakuwa unapaka rangi ukuta wenye ufa.

Vifaa na usalama

Unahitaji daftari na kalamu, tepu ya chuma isiyo na kona zilizopinda, kalipa, na ikiwezekana geji yenye mshale unaozunguka kama wa saa. Geji hiyo husoma sehemu moja ya mia ya milimita. Kama huna, chuo cha ufundi kilicho karibu nawe ni mahali pazuri pa kuulizia.

Zima stima kabla ya kuingiza mkono kwenye mashine. Inveta inayoendesha mota ya kukata hubaki na stima ndani yake hata baada ya kuzimwa. Subiri muda ulioandikwa kwenye kifuniko chake kabla ya kukifungua. Hakikisha kitufe chekundu cha dharura kinafanya kazi. Vaa miwani, na uzibe pua na mdomo kwa barakoa inayozuia vumbi laini, hasa ukikata MDF.

Hatua ya 1: Tumia mikono

Mashine ikiwa imezimwa, shika daraja ulitikise mbele na nyuma. Shika mota ya kukata uitikise. Sikiliza mlio, gusa kwa kidole mahali vipande viwili vinapokutana, na utahisi kile kinachosogea wakati hakifai kusogea.

Kagua kiungo kinachoshika mhimili wa mota na skrubu. Skrubu zake ndogo za kufungia hulegea mara nyingi kuliko kitu kingine chochote. Njia rahisi ya kuzinasa ni kuchora mstari mmoja wa kalamu unaopita juu ya mhimili na kiungo. Baada ya siku ya kazi, kama mstari umekatika mara mbili, kiungo kinateleza.

Kagua beringi za mwisho wa skrubu. Skrubu yenyewe ikisogea mbele na nyuma hata kidogo, beringi au nati yake ya kufungia imelegea. Safisha vumbi na grisi iliyoganda. Kisha sukuma daraja polepole kutoka mwanzo hadi mwisho. Ikiwa kuna mahali linapokuwa gumu, weka alama, kwani reli imepinda au imekaza hapo.

Hatua ya 2: Pima mchezo

Fundi husema kitu "kinacheza" kinapokuwa na nafasi. Skrubu inayocheza hugeuka kidogo kabla ya kuanza kusukuma nati, kila inapobadilisha mwelekeo. Nafasi hiyo ndiyo tunayoita mchezo.

Funga geji kwenye meza, ncha yake iguse daraja. Agiza mashine isogee mm 1 kuelekea geji, ili nafasi yote iishe upande mmoja. Weka mshale kwenye sufuri. Sasa agiza mm 1 zaidi kuelekea huko huko, kisha mm 1 kurudi. Mshale ukirudi kwenye sufuri, hakuna mchezo. Ukikwama kabla, tofauti unayoisoma ndiyo mchezo wenyewe. Rudia mara tano, na ufanye hivyo katika sehemu tatu za meza, kwa sababu skrubu huchakaa zaidi pale inapotumika sana, na mara nyingi ni katikati.

Kama huna geji, kata duara la mm 200. Angalia sehemu nne za duara ambapo mashine hugeuza mwelekeo: mbele, nyuma, kushoto na kulia. Ukiona ubapa au kingazi kidogo hapo, mashine inacheza.

Tiba ni kukaza kiungo, beringi na nati, au kubadilisha nati iliyochakaa. Kwa mashine za gia na reli ya meno, sogeza gia ishike meno vizuri bila kuyabana. Baadhi ya programu zina kipengele cha kufidia mchezo kwa hesabu. Kinasaidia kidogo, lakini hakitibu. Biti inapouma mbao huvuta na kusukuma daraja ndani ya ile nafasi, na kompyuta haiwezi kujua biti itavuta lini.

Kwa kazi ya makabati, mchezo wa chini ya mm 0.1 unavumilika. Ukifika nusu milimita, utaonekana kwenye kila kiungo cha mbao.

Hatua ya 3: Pima pembe mraba

Toboa matundu manne madogo kwenye ubao, yawe pembe za mstatili wa mm 600 kwa upande wa daraja na mm 800 kwa urefu wa meza. Waashi wanaijua hesabu hii ya tatu, nne, tano: kila mshazari unafaa kuwa mm 1000. Pima mishazari yote miwili, kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya tundu. Ikilingana, daraja limekaa sawa. Isipolingana, daraja limekaa upande.

Kwa mstatili wa vipimo hivi, gawanya tofauti ya mishazari kwa 1.6, na utapata ni kiasi gani daraja limepinda katika upana wa mm 600. Mfano: mshazari mmoja ni 1001.6 na mwingine 998.4. Tofauti ni 3.2. Ukigawanya kwa 1.6 unapata mm 2. Ikiwa miguu ya daraja iko umbali wa mm 1500, basi mguu mmoja umetangulia mwenzake kwa mm 5.

Mashine nyingi zina mota mbili za kusukuma daraja, moja kila mguu. Ikiwa moja itapoteza hatua na nyingine isipoteze, daraja litakaa upande hata kama jana lilikuwa sawa. Dawa ni kuweka swichi ya kikomo kwa kila mguu, ili kila asubuhi miguu yote miwili irudi kwenye mstari mmoja kabla ya kazi kuanza. Kumbuka kuangalia kwanza kama fremu yenyewe imesimama sawa sakafuni. Meza iliyopinda kwa sababu ya sakafu mbovu huvuta daraja na mihimili yote.

Hatua ya 4: Tafuta hatua zinazopotea

Mota ya hatua ya kawaida hugeuka hatua 200 kwa mzunguko mmoja, kila hatua nyuzi 1.8. Ikilemewa, huruka hatua, na kwa kuwa kompyuta haioni, kila kitu kinachofuata kinahama.

Jaribio lake ni rahisi. Weka alama nyembamba ya penseli chini ya ncha ya biti. Andika programu fupi ya kwenda na kurudi mara mia moja bila kukata chochote, kisha irudi kwenye alama. Isiporudi, jaribu tena kwa nusu ya mwendo na nusu ya kasi ya kuondoka. Ikirudi sawa sasa, umepata jibu: mota ilikuwa ikilazimishwa.

Nguvu ya mota hizi hupungua kadiri zinavyozunguka haraka. Kwa hivyo usishindane na mwendo. Kagua pia mambo matatu. La kwanza ni volteji ya kifaa kinacholisha draiva. Ikiwa ndogo, mota huchoka mapema, lakini usizidishe kiwango kilichoandikwa kwenye draiva. La pili ni mkondo uliowekwa kwenye draiva kwa swichi ndogo ndogo. Lifuate bamba la mota. La tatu ni uwezo wa kidhibiti. Kidhibiti kidogo cha Arduino Uno kinachotumia programu ya Grbl hutoa takriban mapigo 30,000 kwa sekunde. Mashine inayohitaji mapigo 320 kwa milimita, ikiagizwa mm 6000 kwa dakika, inataka mapigo 32,000 kwa sekunde. Hapo umeomba kuliko kilicho nacho.

Kuna kosa moja ambalo huwasumbua sana wanaofufua mashine za zamani. Draiva huhesabu pigo linapopanda au linapoteremka, kutegemea ilivyoundwa. Ukiiweka kinyume kwenye programu, mashine hutembea vizuri kabisa, lakini hatua moja inaweza kupotea inapogeuza mwelekeo. Kwa mapigo 320 kwa milimita, hatua moja si kitu. Lakini kazi ya kuchonga maua yenye migeuko 500 inaweza kuhama zaidi ya milimita moja na nusu, siku zote kuelekea upande ule ule. Ukiona kuhama kwa namna hiyo, tafuta mpangilio wa mwelekeo wa pigo kwenye programu, ugeuze, urudie jaribio.

Hatua ya 5: Tuliza kelele za stima

Hizi si kelele za masikio. Inveta hukatakata stima kwa kasi kubwa ili kudhibiti mota ya kukata, na nyaya zake hurusha vurugu zinazoweza kuingia kwenye nyaya ndogo za mapigo. Draiva hudhani ni agizo, mota ikasogea bila kuambiwa. Wakati mwingine swichi ya kikomo hudanganywa na mashine ikasimama katikati ya kazi.

Rudia jaribio la alama ya penseli mara tatu. Kwanza mota ya kukata ikiwa imezimwa. Pili ikizunguka, lakini bila kugusa mbao. Tatu ikikata. Ikiharibika kwenye jaribio la pili, ni kelele za stima. Ikiharibika kwenye la tatu tu, ni mzigo wa kukata: punguza kina, punguza mwendo, au nunua biti kali.

Ili kutuliza kelele, tumia waya wenye ngao ya chuma kati ya inveta na mota ya kukata. Tenga nyaya za nguvu na nyaya za mapigo, kila kundi lipite njia yake, na zikilazimika kukutana zivukane kama njia panda badala ya kulala pamoja. Ngao ya nyaya za mapigo iunganishwe na waya wa ardhini upande mmoja tu, ule wa kidhibiti. Fremu ya mashine nayo iunganishwe na ardhi. Kazi ya kuunganisha nyaya za stima kuu na ya kuweka waya wa ardhini mwachie fundi wa stima aliye na leseni.

Hatua ya 6: Sasa gusa nambari

Chuma kikiwa kimekaza na stima imetulia, ndipo tuhesabu mapigo kwa milimita. Kanuni ni hii: hatua za mota kwa mzunguko mmoja, zidisha kwa mgawanyo wa draiva, kisha gawanya kwa umbali ambao nati husogea skrubu ikizunguka mara moja.

Mfano: hatua 200, mgawanyo wa 8, skrubu ya mm 5. Mara 8 ni 1600, gawanya kwa 5, unapata 320.

Lakini mashine yako imetoka wapi? Mashine za zamani za Marekani, na baadhi za Uingereza, zilitengenezwa kwa inchi. Skrubu inayoonekana kama ya mm 5 huenda ni ya sehemu mbili za kumi za inchi, yaani mm 5.08. Hapo nambari sahihi ni 1600 gawanya kwa 5.08, ambayo ni 314.96. Ukiweka 320 kwenye skrubu hiyo na uagize mm 1000, mashine itasogea mm 1016.

Kwa hakika zaidi, pima. Weka biti yenye ncha kali, chora mstari mwembamba, sogea mm 1000, chora mwingine. Ifikie mistari yote miwili ukitoka upande mmoja, ili mchezo uliobaki usiingie kwenye hesabu. Pima katikati ya mstari hadi katikati ya mstari. Usianzie kwenye ndoano ya tepu. Anzia alama ya mm 100 kisha utoe 100. Nambari mpya ni nambari ya zamani, zidisha kwa umbali ulioagiza, gawanya kwa umbali uliopima.

Tumia umbali mrefu kadiri meza inavyoruhusu. Jicho likikosea nusu milimita kwenye mm 100, umekosea sehemu tano kwa elfu. Likikosea hivyo hivyo kwenye mm 1000, umekosea nusu ya sehemu moja kwa elfu.

Sasa turudi kwa vijana wetu

Skrubu yao ilikuwa ya inchi, mm 5.08, na hawakujua. Pia, kiungo cha mota kilikuwa kimelegea na kuleta mchezo wa mm 0.6. Angalia jinsi makosa mawili yanavyowachezea watu.

Waliweka 320. Waliagiza mm 100. Skrubu ilitaka kwenda 101.6, mchezo ukala 0.6, wakapima 101. Wakarekebisha: 320 mara 100 gawanya kwa 101, wakapata 316.83. Wakafurahi, droo zikatoka sawa.

Kisha wakakata mm 1000. Ikatoka 1005.3. Wakarekebisha tena kwa kipimo hicho, wakapata 315.15. Milango ikatoka sawa. Wakarudi kwenye droo, na mm 100 sasa ikatoka 99.46. Zaidi ya nusu milimita imepotea.

Wangeweza kuzunguka hivyo hadi mwisho wa mwaka. Kosa la skrubu lilikua pamoja na urefu, kosa la mchezo lilibaki lile lile, na hakuna nambari moja inayoweza kurekebisha yote mawili kwa pamoja. Tulikaza kiungo, tukakaza nati ya beringi, mchezo ukashuka hadi mm 0.08. Ndipo tukaweka 314.96. Jioni hiyo mlango na droo vilitoka kwenye karatasi moja, na vyote viliketi kwenye fremu.

Karatasi kumi na moja hazikurudi. Zililipwa kutoka kwa malipo yale ya awali, na mwenye jikoni alingoja wiki tatu zaidi. Lakini sasa kuna daftari limefungwa kwa kamba kwenye mguu wa mashine, na hakuna anayegusa nambari bila kuandika tarehe, nambari ya zamani, nambari mpya na sababu.

Hatua ya 7: Biti na mbao

Mashine ikishakuwa sawa, bado kuna viwili vya kukagua. Biti ya mm 6 iliyonolewa inaweza kubaki na mm 5.8. Ukiiambia kompyuta ni 6, vipande vyako vitazidi kwa mm 0.2 na matundu yatapungua kwa kiasi hicho hicho. Pima biti kwa kalipa kila inaponolewa. Koleti inayoshika biti ikichakaa, biti huzunguka ikiyumba na kukata pana kuliko ilivyo. Safisha koleti, na ukiona imepasuka au imepanuka, ibadilishe.

Mbao nazo hubadilika. Mbao mbichi ya saipresi iliyokatwa kwa kipimo leo itasinyaa upana wake ikikauka. Usiilaumu mashine kwa jambo ambalo ni la mti. Acha mbao zikauke vizuri karakanani kabla ya kuzikata.

Zoezi

1. Mota ni ya hatua 200, mgawanyo wa draiva ni 8, skrubu ni ya mm 10. Mapigo kwa milimita ni mangapi?

2. Umeagiza mm 300 ukapata 300.2. Umeagiza mm 1200 ukapata 1200.2. Matundu yamepungua kwa mm 0.2. Kosa liko wapi?

3. Baada ya kazi ya nusu saa, biti imehama mm 2 kutoka kwa alama. Mota ya kukata ikizimwa, biti hurudi sawasawa. Utafanya jaribio gani linalofuata?

Majibu: 1. Ni 160. 2. Kosa ni lile lile kwa kifupi na kirefu, kwa hivyo pima biti. Ni nyembamba kuliko ulivyoiambia kompyuta kwa mm 0.2. 3. Endesha programu hiyo hiyo mota ya kukata ikizunguka hewani bila mbao. Ikihama, shughulikia kelele za stima. Isipohama, shughulikia mzigo wa kukata.

Tafadhali hifadhi ukurasa huu karibu na mashine, na umpe jirani yako anayefanya kazi hii. Ukikwama, nenda kwenye chuo cha ufundi kilicho karibu nawe ukiwa na daftari lako mkononi. Mwalimu atakayekupokea atauliza kwanza umepima nini.